Si Kila Anayeyumba ni Mulevi



Katika madaftari yetu tumeandika: kuona, kusikia, kunusa, kuonja, kugusa. Tano, basi. Mimi naona hesabu ile ni fupi. Funga macho, nyoosha mukono, kisha gusa pua yako. Kidole kinafika palepale. Nani amekionyesha njia?

Jibu liko ndani ya seli. Katika ngozi nyembamba inayozunguka seli kuko milango midogo ya proteini. Moja kati yake unaitwa Piezo2. Uko na mabawa matatu yaliyopindika. Musuli ukivutwa, ngozi ya seli ya fahamu inavutwa pia, mabawa yanalala, mulango unafunguka, chembe za munyu zenye umeme zinaingia, na habari inakimbia mpaka kwenye bongo: muguu uko hapa.

Ardem Patapoutian, muzaliwa wa Beirut, na Bertrand Coste ndio waliivumbua huko California. Walisukuma seli kwa kisindano cha kioo, wakizima jeni moja moja. Kulikuwa jeni 72 za kujaribu, na ile ya mwisho ndiyo ilikuwa yenyewe, Piezo1. Piezo2 ni ndugu yake. (Wanaotupa hesabu ya fizika kisha majaribio mawili, musikie!) Habari ilitoka mwaka 2010. Nobel ikafika 2021, Patapoutian akaigawa na David Julius.

Sasa neno langu. Mwaka 2016 madaktari wa Marekani waliandika juu ya wagonjwa wawili waliozaliwa bila Piezo2 inayotumika. Wakiangalia miguu yao, wanatembea, ingawa kwa shida. Wakifungwa macho, wanapepesuka na kuanguka.

Kwetu mutu sawa yule angeitwaje? Munajua vizuri. Mumoja angesema amekunywa lutuku, mwingine amelogwa. Mimi sisemi kila anayeyumba amekosa Piezo2. Ugonjwa ule ni wa nadra sana, na konzo nayo, ile ya muhogo muchungu usiolowekwa vya kutosha, inaharibu miguu. Lakini anayecheka hajauliza hata swali moja.

Basi naomba hivi: umeme ukikatika, taa ya petroli ya mulangoni mwa nyumba ya kulala isizimwe mpaka asubuhi. Na mutu akianguka kwenye njia ya choo, ashikwe mukono kwanza. Majina tunayompa yangoje.