Feza ya labo inalipwa, labo iko wapi?

Vijana wenzetu wa Kisangani, tuseme wazi. Katika mashule mingi ya sekondari ya huu muji, kutoka Makiso mpaka njia yote ya Bangboka, mutoto anaweza kumaliza seksyo ya sayansi bila kushika hata tube moja ya kioo. Anajua kuandika H2SO4 vizuri kabisa kwa tablo. Namna hiyo asidi inakula nguo na ngozi, atakuja kuijua siku atanunua asidi ya betri ya pikipiki sokoni, ndani ya chupa ya soda isiyo na jina juu yake.

Na bado wazazi wanalipa. Shule ya msingi ni bure tangu 2019, lakini sekondari si bure, na kwa ile karatasi ya frais ya mwezi wa tisa mara mingi kuko mstari wa labo. Mama anauza pondu, analipa ule mstari. Mutoto anarudi nyumbani na nini? Na michoro ndani ya kaye.

Tukiuliza, banatujibu vitu viwili. Cha kwanza, labo ni bei kali. Cha pili, labo ni hatari, heri watoto waandike tu. Tuanze na hicho cha pili, juu kinaonekana kama busara na ni uvivu.

Hatari iko, hatukatai. Mwezi wa kwanza 2014, katika sekondari moja ya New York, mwalimu alikuwa anaonyesha rangi za moto kwa metanoli. Akaongeza metanoli karibu na moto, mvuke ukawaka, wanafunzi wawili wakaungua. Shule ya muji tajiri! Tena wiki chache tu mbele ya hapo, ofisi ya serikali ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilikuwa imetoa filamu juu ya mwanafunzi wa Ohio aliyeungua namna hiyo hiyo mwaka 2006. Feza ilikuwako, vyombo vilikuwako. Sheria ndogo moja njo haikufuatwa: usimimine kitu kinachowaka karibu na moto. Hapa kwetu watoto wanatumwa kila siku kununua petroli kwa kadhafi na wanawasha taa usiku SNEL ikikata. Kuwanyima labo hakuwaondolei hatari, kunawaacha nayo bila mwalimu.

Muji wetu hauna haki ya kuchezea neno usalama. Tarehe 8 Julai 2011, Boeing 727 ya Hewa Bora ilianguka ikitaka kushuka Bangboka ndani ya mvua kali. Watu zaidi ya 70 walikufa. Kila rubani wa dunia, hata mwenye miaka 30 ya kazi, anasoma orodha kwa sauti mbele ya kuruka na mbele ya kushuka. Ile orodha ni karatasi, haina bei. Basi orodha ya labo yetu iko wapi? Madirisha wazi. Ndoo ya mchanga karibu na meza, na bidoni ya maji safi, juu REGIDESO haitakungojea: asidi ikiingia kwa jicho, unaosha palepale kwa maji mingi, dakika 15 si mbili. Asidi inamiminwa ndani ya maji, polepole, hakuna siku unamimina maji ndani ya asidi. Kila chupa na jina lake. Hakuna kula, hakuna kuonja. Miwani kwa macho. Ukiondoa miwani, hapo kuko kitu gani cha bei kali?

Sasa hiyo bei. Banafikiri labo ni jengo. Tanzania walipitia njia hiyo: wakati wa rais Kikwete, kila sekondari ya kata iliambiwa iwe na labo tatu, ya fizikia, kemia na biolojia, mpaka mwisho wa Novemba 2014. Wananchi walichangishwa, tarehe ikasogezwa, na kuta zikasimama mahali pengi mbele ya vyombo na walimu. Kuta hazifundishi. Jaribio njo linafundisha, na jaribio linaweza kuanza na maharagi.

Makopo mawili, udongo mmoja, maharagi 20 kila kopo, maji kipimo kimoja, mahali pamoja. Kopo moja unatia majivu, lingine hapana. Kitu kimoja tu kinabadilika. Lile kopo bila majivu, walimu wetu wanaliita témoin, ni kusema shahidi, na bila shahidi hakuna kesi. Juu ya nini 20 na si moja? Juu haragi moja linaweza kuwa bovu lenyewe. Mbele ya kupanda, andika unachofikiri kitatokea, kwa kalamu isiyofutika. Majivu yakiharibu mimea, andika vilevile. Mutoto aliyefanya hivyo mara moja, muuza dawa akimwambia kwamba mutu alikunywa mizizi siku tatu malaria ikaisha, atauliza: na wale wasiokunywa, walikuwa je?

Na hiki si kitu cha kigeni hapa. Yangambi iko kilomita karibu 100 tu tukishuka mto, kituo cha utafiti tangu 1933. Pale, mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen walitangaza siri ya ngazi zetu: ukizalisha dura, yenye jiwe nene, na pisifera, isiyo na jiwe, unapata tenera tupu, yenye jiwe jembamba na mafuta mingi. Ukizalisha tenera kwa tenera, robo inakuwa dura, nusu tenera, robo pisifera. Walijua namna gani? Walichagua baba na mama wa kila mti, wakahesabu. Leo Malaysia na Indonesia wanatajirika kwa miti ya tenera, na sisi wa Tshopo tunakariri fotosinteze kwa Exetat.

Exetat, tuiseme pia. Maswali ni ya kuchagua jibu. Seksyo za kiufundi ziko na juri ya mazoezi, mutoto anaonyesha kazi ya mikono yake. Juu ya nini sayansi hapana? Waziri Raïssa Malu, aliyeingia wizara 2024, ni mwana-fizikia, na yeye njo alianzisha Wiki ya Sayansi na Teknolojia kule Kinshasa. Mama Waziri anajua jaribio ni nini. Tunamwomba aliweke ndani ya points, hata kumi tu, na mashule yatafungua ile milango.

Kwa Proved tunaomba kitu kimoja: kila shule inayopokea feza ya labo ibandike kwa mlango feza iliyoingia na vitu vilivyonunuliwa. Wewe mwanafunzi, muzazi, nenda uulize wiki hii kwa heshima, pamoja na wenzako, si peke yako. Uliza ufunguo wa labo uko kwa nani, na mara ya mwisho ulifungua mlango lini. Jibu liandike na tarehe, tutumie.