Nakshi si Jinai

Mwaka 1910 Adolf Loos, msanifu majengo wa Vienna, alihutubu juu ya "Pambo na Jinai": ustaarabu ukikua, nakshi hutoweka. Mpapua mwenye chale mwilini akamfanya kielelezo cha waliobaki nyuma. Wanausasa wakaitikia amina.

Lakini itazameni nyumba aliyoijenga miaka hiyohiyo katika uwanja wa Michaelerplatz: juu kuta tupu, chini marumaru ya kijani yenye mishipa ya fahari. Nakshi hakuifukuza, alimpokonya mchongaji, akampa mwenye fedha ya kununulia jiwe.

Alisema pia kwamba fundi wa nakshi hupunjwa ujira. Basi na alipwe! Dawa ya dhuluma si kuvunja patasi. Nasi wa vina na mizani tujihadhari: pambo likihukumiwa ukutani, shairi litafuata kizimbani.