Mutombo hakuwa na pete, kwani iko nini?

Jumamosi tulikuwa tumemaliza kucheza, tumekaa kwa simiti kando ya uwanja, watu wanane, chupa ya maji moja. Mtu akauliza: ukiunda timu yako, Mwafrika wa kwanza kumchukua ni nani? Nikasema Mutombo. Binamu yangu akacheka hadi akamwaga maji yenyewe. "Mutombo? Huyo hana hata pete moja!" Wote wakakubali. Mjadala umefungwa, mimi nimenyamaza kama mtu ameshikwa na simu ya wizi.

Hiyo kitu imenikaa wiki nzima. Wacha basi niseme hapa kile nilifaa kusema pale.

Kwa wale mnamjua tu kwa ile video ya kidole: Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa mwaka wa 1966. Futi 7 na inchi 2. 1987 alienda Marekani, chuo kikuu cha Georgetown, kwa ufadhili wa masomo, na hakuenda kucheza. Alikuwa anataka kuwa daktari. Kocha John Thompson ndiye alimwita kwa timu, na hata hivyo mwaka wa kwanza hakucheza. Udaktari uliishia njiani, lakini alipomaliza 1991 alikuwa na digrii ya isimu na diplomasia, na alikuwa anaongea lugha tisa. Mimi niko na tatu, na hiyo ya tatu ni Sheng.

Mwaka huo huo Denver Nuggets wakamchukua, namba nne kwenye drafti. Alikuwa na miaka 25. Hapa mtaani mtu wa 25 tumeshamwambia atafute kazi.

Sasa, Mutombo hakuwa mfungaji. Ukienda kutafuta video zake ukitarajia kuona mtu akipiga chenga na kurusha pointi tatu, utafunga simu mapema. Kazi yake ilikuwa kusimama chini ya ringi na kukataa. Bloku 3,289 katika misimu 18, na ni Hakeem Olajuwon peke yake amemzidi, na 3,830. (Ndio, najua, NBA haikuwa inahesabu bloku kabla ya msimu wa 1973-74, kwa hivyo Bill Russell na Wilt Chamberlain hawako kwa hiyo orodha. Msinijie.) Akishakukatalia anakupungia kidole, hapana hapana hapana, kama shosho anakukataza sukari. Ligi ikasema hiyo ni madharau, marefa wakaanza kumpiga teknikali. Yeye akaanza kuwapungia mashabiki badala ya mpinzani. Huyo ni mtu wa diplomasia kweli.

Lakini bloku zenyewe ndizo sehemu ndogo. Kitu hakuna mtu anahesabu ni ule mchezaji anaingia kwa kasi, anamwona Mutombo amesimama pale, anabadilisha mawazo hewani na kurudisha mpira nje. Hiyo haiandikwi popote. Hakuna pointi imefungwa, hakuna bloku, kwenye karatasi ni kama hakuna kitu kimefanyika. Kama umewahi kucheza difensi unajua hiyo raha, na unajua pia vile hakuna mtu atakupigia makofi.

Nitawaambia mahali hii inaniuma. Kwa timu yetu ya shule mimi ndiye nilikuwa napewa kukaba mchezaji mkali wa wale wengine. Kila mechi. Fainali moja nilimshika kijana alikuwa anafunga pointi ishirini na kitu akabaki na sita, tukashinda. Siku ya zawadi wakaitwa wafungaji watatu, wakapewa viatu. Mimi nikaambiwa asante kwa kujituma. Sijasahau. Kwa hivyo mtu akisema Mutombo hana pete, mimi nasikia wale watu wa viatu wakiongea.

Haya, 1994. Denver wameingia mchujo wakiwa wa nane, wameshinda mechi 42 msimu mzima. Wanapewa Seattle SuperSonics, nambari moja, mechi 63. Wanapoteza mbili za kwanza. Series ilikuwa ya mechi tano, kwa hivyo bado moja tu waende nyumbani. Wakashinda tatu mfululizo, ya mwisho ikiwa kwa muda wa ziada, ugenini. Haikuwa imewahi kutokea kwa NBA timu ya nane itoe ya kwanza. Mutombo alikuwa na bloku 31 kwa hizo mechi tano, yaani wastani wa sita kila mechi. Kuna timu nzima hazifikishi sita. Filimbi ikilia yuko chini sakafuni, analala mgongo, ameshikilia mpira kwa mikono miwili juu ya kichwa, amefura furaha hadi haoni mtu. Hiyo picha haina pete ndani yake na bado ndiyo picha ya basketi naipenda kuliko zote.

Fainali alifika mara mbili, 2001 akiwa Philadelphia na 2003 akiwa New Jersey, zote akapoteza. Na sitawadanganya, 2001 Shaquille O'Neal alimtesa, wastani wa pointi 33. Lakini hebu niambie nani alimzuia Shaq miaka hiyo. Na kama pete ndiyo kipimo, basi Robert Horry mwenye saba ni mkubwa kuliko Michael Jordan mwenye sita. Sijawahi kusikia binamu akisema hivyo. Kipimo chake kinafanya kazi tu wakati kinamfaa.

Alichukua tuzo ya mlinzi bora wa mwaka mara nne. Nne.

Halafu kuna mambo ya mamake. Mwishoni mwa miaka ya tisini, Kinshasa ikiwa na vita na amri ya kutotoka nje, mama aliugua na hakuweza kufikishwa hospitali. Akafariki. Mtoto wake wakati huo ni staa wa NBA, ana pesa za kununua ambulensi kumi, na hazikumsaidia kitu usiku huo. Mutombo akaanza kujenga hospitali, huko Masina, upande wa Kinshasa wenye watu wengi na pesa kidogo. Vitanda 300. Mradi wa dola milioni 29, na zaidi ya 15 zilitoka mfukoni mwake. 2007 ilikuwa imeanza kutibu watu. Inaitwa Biamba Marie Mutombo, jina la mama.

Najua kuna mtu anaandika sasa hivi kwamba hospitali si basketi. Sawa. Lakini zile pesa zilitoka wapi? Zilitoka kwa kukataa mipira ya watu, mmoja mmoja, miaka 18, kazi ambayo wengi wetu tukipewa tunanuna. Yule kijana wa kusomea udaktari hakuwahi kuvaa koti jeupe, lakini kuna watu wamezaliwa kwa jengo lake. Sijui ukilinganisha hiyo na pete unaanzia wapi.

Aliumia goti 2009, mchujo, akiwa Houston, miaka 42, na hapo ikaisha. 2015 akaingia Hall of Fame. Septemba 30, 2024 akafariki, saratani ya ubongo, miaka 58. Hiyo siku nilituma ile picha ya sakafuni kwa grupu yetu ya WhatsApp. Binamu akajibu na emoji ya kidole. Nilidhani ameelewa, kumbe.

Kesho tunacheza tena saa kumi. Amesema kwa grupu ataingia kwa ringi kwa nguvu na hakuna mtu wa kumsimamisha. Tayari nimemwambia kocha wetu wa mtaa mimi ndiye nitamkaba.