KAZI NA MAISHA: Kazi ya magereza, je, ni ya laana?



Mwezi uliopita baba mmoja alitusimamisha karibu na bomba la maji. Binti yake amemaliza sekondari na anasema anataka kusomea mambo ya magereza na ya kusaidia watu walioumizwa, ikiwezekana siku moja aongoze shirika. Baba akasema: "Hiyo ya shirika sawa. Lakini kukaa na wauaji na wabakaji? Hiyo kazi ni ya laana. Na nani ataoa askari wa buloko? Ninyi mnaoandika, mnasemaje?" Tukamwambia, mzee, subiri gazeti litoke. Haya, jibu ni hili, na ni refu kidogo.

Wengi wetu Muhima ya Kigali tunaijua kwa miguu. Ukishuka basi Nyabugogo, ukaanza kupanda kilima kwenda mjini na mzigo wako kichwani, Muhima ndiyo hiyo unayoipita. Kuna hospitali ya wilaya pale, inajulikana sana kwa mambo ya uzazi. Ukiendelea, katika wilaya hiyo hiyo ya Nyarugenge, kulikuwa na gereza kuu la Kigali, lile la matofali mekundu ambalo watu wote wanaliita "1930" kwa sababu ya mwaka lilipojengwa. Mwishoni mwa miaka ya 2010 wafungwa walihamishiwa gereza jipya la Mageragere, nje kidogo ya mji. Lakini miaka ya 2000, mtu aliyekuwa anapita njia zile alikuwa anapishana na makundi ya wanaume waliovaa pinki, wanapelekwa kazini. Sasa fikiri mama aliyepoteza mume na watoto mwaka 1994, anashuka na kapu lake kwenda sokoni, anainua macho na kumtambua mmoja kati ya wale wa pinki. Ndipo tunapotaka kuanzia. Gereza na nyumba ya mjane zilikuwa majirani, mtu apende asipende.

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, magereza ya Rwanda yalijaa kupita kiasi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 waliofungwa walizidi 120,000, katika majengo ambayo hayakujengwa kwa umati wa namna hiyo. Watu wanafikiri mkuu wa gereza kazi yake ni funguo na fimbo. Kumbe kazi yake kubwa ni chakula, maji, vyoo, kuni, madaftari na dawa. Daftari lisiloandikwa vizuri lina maana mtu asiye na faili anakaa ndani bila kesi, na yule mwenye kesi nzito anaweza kutoka kimya kimya. Hata vyoo ni kazi ya uongozi. Gereza la Cyangugu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, lilikuwa la kwanza kujengewa mitambo ya kugeuza kinyesi kuwa gesi ya kupikia, kazi ya mafundi wa chuo cha KIST. Harufu ikapungua, kuni zikapungua sana, na mwaka 2005 KIST wakapewa tuzo ya Ashden huko Uingereza. Baba wa binti, unaona? Hayo yote mtu amekaa akapiga hesabu.

Tugeukie upande wa pili. Januari 1995, wajane 50 walikusanyika Kigali wakaanzisha chama chao, AVEGA-Agahozo. Hawakuwa na ofisi ya maana wala mfadhili mkubwa mwanzoni. Walianza kwa kuliana, halafu wakaanza kutafutiana nyumba, karo za watoto, mwanasheria, daktari. Katika uchunguzi wao, wanawake zaidi ya 1,000 walionusurika kubakwa walipimwa, na karibu theluthi mbili wakakutwa na virusi vya Ukimwi. Na hapa kuna jambo lililowauma sana. Washtakiwa wakubwa waliokuwa Arusha, kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa, walikuwa wanapata dawa za kupunguza makali pamoja na chakula kizuri. Wanawake walioitwa kwenda kutoa ushahidi dhidi yao, wengi hawakuwa na dawa hizo. Wengine walikufa kabla hazijawafikia, katikati ya miaka ya 2000.

Tusielewane vibaya. Hatusemi mfungwa anyimwe dawa. Tunasema kwamba magereza yalikuwa na mtu wa kuyasimamia na kuyaandikia bajeti, na mama yule hakuwa na mtu. Ndiyo maana uongozi wa shirika ni kazi kweli, si kupiga picha na wageni tu.

Jambo jingine lililounganisha pande hizi mbili ni habari. Mtu aliyeumizwa ana maswali yake kwa gereza, na ni yale yale kila nchi: bado yuko ndani? Atatoka lini? Atarudi kukaa karibu na mimi? Rwanda likaongezeka la nne, zito kuliko yote: watu wangu mliwatupa wapi? Jibu la hilo wengi hawakulipata kwa polisi. Lilitoka kwa wafungwa wenyewe, walipokubali kusema, na maelfu ya miili ikapatikana na kuzikwa kwa heshima.

Januari 2003 likatoka tangazo la rais la kuwaachia kwa muda wafungwa zaidi ya 20,000, wazee, wagonjwa, waliokuwa watoto wakati wa makosa, na wengi waliokiri. Walipelekwa kwanza kwenye kambi za mafunzo, ingando, halafu mwezi wa tano wakarudi vilimani kwao. Kwa sheria ilikuwa sawa, magereza yalikuwa yamefurika. Lakini kwa mjane, kumkuta yule mtu asubuhi kisimani, hilo ni jambo jingine kabisa. Hapo anahitajika mtu wa katikati: anayejua lugha ya gereza na pia anajua kubisha hodi kwa mjane siku tatu kabla, akae naye, amwambie ukweli polepole.

Mahakama za gacaca zilifanya kazi nchi nzima kuanzia 2005 na kufungwa rasmi Juni 2012, zikiwa zimepitia kesi karibu milioni 2. Wengi waliokiri walipewa kazi za jamii, ile inayoitwa TIG: kupasua mawe, kutengeneza matuta, kujenga nyumba za manusura. Mwaka 2010 sheria ikaunganisha idara ya magereza na TIG kuwa chombo kimoja, RCS. Hata jina lilibadilika maana: si kufunga tu, ni kurekebisha.

Na walioongoza ni nani? Baba yetu aliuliza juu ya mtoto wa kike. Mary Gahonzire alipanda ngazi za juu za polisi ya Rwanda, akaongoza idara ya magereza, kisha akawa naibu kamishna mkuu wa RCS. Kamishna mkuu wa kwanza alikuwa Paul Rwarakabije. Tunajua jina hilo halisikiki vizuri masikioni mwa wengi wetu tuliotoka Kivu: alikuwa kamanda wa FDLR msituni, akarudi Rwanda Novemba 2003, akafanya kazi kwenye tume ya kuwarudisha wapiganaji wa zamani katika maisha ya raia, halafu akapewa magereza mpaka 2016. Hatuwaombi mlipende jina hilo. Tunalitaja kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu kazi hii haichagui watu wasio na historia.

Upande wa wajane kuna Esther Mujawayo, mmoja wa waanzilishi wa AVEGA. Ni mwanasosholojia, alifanya kazi Oxfam. Mwaka 1994 alipoteza mume, wazazi na ndugu wengi, akabaki na mabinti watatu. Baadaye akasomea ushauri wa watu wenye majeraha ya moyo, akahamia Ujerumani, na huko Düsseldorf akafanya kazi ya kuwatibu wakimbizi kama sisi. Yaani mama aliyekaliwa na kilio chake mwenyewe ndiye aliyekuwa anamsikiliza mgeni aliyekimbia vita ya nchi nyingine.

Kuna pia Prison Fellowship Rwanda, shirika la Kikristo lililo upande wa gereza na upande wa manusura kwa pamoja. Huko Bugesera, mahali kama Mbyo, walisaidia kujenga vijiji ambako manusura na waliotoka gerezani walifyatua matofali pamoja na sasa ni majirani. Wengine wanasifu sana vijiji hivyo, wengine wana mashaka kama msamaha wa namna hiyo unatoka moyoni kweli. Sisi tunafikiri mashaka hayo ni ya haki, na kwamba mtu anayeongoza kazi hiyo lazima ayasikilize, asiyafukuze.

Sasa kwa binti, na kwa vijana wengine wanaofikiri hivyo hivyo. Tuseme ukweli: sare ya RCS ni ya raia wa Rwanda, chuo chao kiko Rwamagana, na mkimbizi haingii. Kwa hiyo asipoteze mwaka akisubiri tangazo lao. Lakini mlango wa pili uko wazi. Kuna Isange, vituo vilivyoanza mwaka 2009 kwenye hospitali ya polisi Kacyiru na leo viko kwenye hospitali nyingi za wilaya. Mtu aliyebakwa au kupigwa anakuta daktari, mpelelezi, mwanasheria na mshauri mahali pamoja, bila kulipa. Mashirika ya kambini nayo yanahitaji watu wa kumsindikiza mgonjwa wa namna hiyo mpaka huko na kumfasiria Kiswahili. Huko ndiko kuanza.

Shule: saikolojia, ustawi wa jamii, sheria, au uongozi wa mashirika. Ufadhili wa DAFI wa UNHCR uko tangu 1992, na Kepler ilifungua masomo ya chuo kikuu ndani ya kambi ya Kiziba mwaka 2015. Nafasi ni chache, tusidanganyane. Na ndugu zetu waliokwisha kufika Marekani wanaweza kumwambia kwamba huko kazi hizi zimeungana kabisa: idara za magereza za majimbo mengi zina ofisi ya kumjulisha aliyeumizwa kabla mfungwa hajatoka, na sheria ya 1984 inachukua pesa za faini za wahalifu na kuzipeleka kwenye huduma za walioumizwa.

Kuna mambo mawili hayafundishwi sana shuleni. La kwanza ni siri. Hapa kambini nyumba zimebanana, ukikohoa jirani anasema pole. Mtu anayebeba habari ya msichana aliyebakwa akaisema hata kwa mke wake, amemuumiza mara ya pili. Tumeona mama akihama kartie kwa sababu ya mdomo wa mtu aliyetumwa kumsaidia. La pili ni usingizi. Wanaofanya kazi hii wanarudi nyumbani na vilio vya watu kichwani, wengine wanaanza kunywa, wengine wanakuwa wakali kwa watoto bila kujua kwa nini. Shirika lenye kiongozi mzuri linampa mfanyakazi siku ya kupumzika na mtu wa kuongea naye. Binti akienda kuomba kazi, aulize hilo kabla ya kuuliza mshahara.

Mzee, kuhusu ndoa yake hatuna la kusema, hiyo muulize mama yake. Kuhusu laana, tulikwenda kwa wazee wawili wa kanisa na shehe mmoja, na wote watatu walituambia kumtembelea mfungwa ni jambo jema mbele ya Mungu. Walibishana tu juu ya nani alipe nauli.

Mwezi ujao tutaandika juu ya wafasiri: nani analipwa, nani hailipwi jasho lake. Leteni maswali kabla ya tarehe 20, yaandikwe hata kwa kalamu ya risasi, mradi yasomeke.