KUKUNJA SI KUVUNJA

Wananchi wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa, toka Lituhi hadi Mbamba Bay, wanaijua methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Methali ni njema. Lakini kukunja si kuvunja, na wako watu kati yetu wanaovunja.

Leo twasema juu ya kifua cha mtoto. Mbavu za mtoto ni laini. Apigwapo ngumi au teke kifuani, mbavu hupinda bila kuvunjika, na moyo hubanwa kati ya kidari na uti wa mgongo. Moyo waweza kupasuka. Damu hujaa katika mfuko unaouzunguka, ikaukaba hata usiweze kupiga tena. Na huenda juu ya ngozi pasionekane mchubuko wowote. Ndipo husemwa, "Alianguka," au "Amerogwa," na kosa huzikwa pamoja na mtoto.

Jambo hili si la kijiji kimoja. Uchunguzi wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana wa nchi hii, wake kwa waume, walipata kupigwa au kuumizwa kabla ya kutimiza miaka 18. Agosti 2018, huko Bukoba, mwanafunzi wa darasa la tano alikufa baada ya kupigwa shuleni, akituhumiwa kuiba mkoba. Mkoba gani ulingane na roho ya mtu?

Baba zetu walionja kiboko cha Mjerumani, hamsa ishirini, wakakiita uonevu. Je, kiboko hicho kikiwa mkononi mwetu kimegeuka malezi? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa mtoto, na adhabu inayozidi kadiri ya umri na mwili wake haina haki.

Basi wanachama, tuanzie nyumbani kwetu. Mtoto aliyepigwa kifuani apelekwe hospitali upesi, iwe Mbinga, Litembo au Liuli, hata kama anacheka, na daktari aambiwe kweli. Jirani asikiaye kilio kila usiku asiseme ni mambo ya watu. Amwambie balozi, afisa wa ustawi wa jamii au polisi, au apige simu 116, isiyo na malipo.

Mtoto wa jirani ni mtoto wa Taifa. Tukinyamaza, fimbo ile tumeishika pamoja na mpigaji.