Marashi ya wakati wa baridi: kidogo kinatosha



Mwezi wa sita umeingia, na sisi wa Kasungami hatuhitaji kalenda ili tujue. Asubuhi watoto wanaenda masomo na pulovere mbili, na mama anayeuza vitumbula amejifunika kitenge mpaka masikioni. Mji wetu wa Lubumbashi uko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo sababu usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi inashuka mpaka digrii 7 hivi, hata kama mchana jua linawaka.

Ni wakati huu pia wengi wetu tunabadilisha marashi. Yale mepesi, ya limau na maua, tunayaweka pembeni. Tunatoa yale mazito yenye harufu ya viungo: karafuu, mdalasini, vanila, udi. Mama mmoja wa kikundi chetu aliniuliza: «Je, kuna faida kweli, ao ni maneno ya wauzaji tu?»

Faida iko. Harufu inafika puani kwa sababu marashi yanageuka kuwa mvuke. Joto linaharakisha mvuke huo, baridi inauchelewesha. Harufu ya limau ni nyepesi, inakimbia upesi, na kwenye baridi inabaki hafifu tu. Harufu ya vanila, ya udi na ya miti ni nzito. Inatoka polepole, na inaweza kubaki kwenye nguo tangu asubuhi mpaka jioni. Wakati wa joto harufu hiyo hiyo ingetusonga. Wakati wa baridi inatulia, na inafanya mtu aonekane kama ametoka karibu na jiko penye chai ya tangawizi.

Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawatuambii, na mimi nililijifunza kwa haya.

Mwaka uliopita, wakati wa baridi kama huu, nilipewa chupa ya marashi ya namna hiyo. Niliyapenda sana. Kila siku ya likelemba nilijipulizia shingoni, kifuani na kwenye eshapu. Tukifika kwenye mkutano, mlango umefungwa, dirisha limefungwa kwa sababu ya upepo, na sisi wamama zaidi ya kumi tumebanana kwenye chumba kimoja. Baada ya muda mfupi mimi sikusikia tena harufu yangu. Nikawaza marashi yameisha. Nikatoa chupa kwenye mkoba, nikaongeza.

Kulikuwa mama mmoja kijana, mwenye mtoto wa miaka mitatu. Alikuwa akikaa karibu yangu. Juma la pili akahamia karibu na mlango. Juma la tatu hakuja, akatuma tu pesa yake. Nilikasirika kidogo, nikasema moyoni: vijana wa leo hawapendi kukaa na wakubwa. Siku moja nikamkuta kwenye bomba la maji. Akainamisha kichwa, akaniambia: «Mama, minakuomba usiniwazie mubaya. Mutoto anakohoaka sana wakati tunaikala karibu na weye. Iko na pumu.»

Wamama, nilirudi nyumbani na bidon yangu bila neno. Mtoto alikuwa akikosa pumzi, na mama yake alikuwa amepoteza siku yake ya kukaa na wenzake, kwa sababu hakujua namna ya kumwambia mtu mkubwa kwamba harufu yake ni nyingi.

Baadaye nilielewa kosa lilitoka wapi. Pua inazoea. Harufu ikikaa nawe muda mfupi tu, pua yako inaacha kuihesabu, kama vile mwenye kukaanga samaki hasikii tena harufu ya samaki nyumbani mwake. Lakini anayeingia kutoka nje anaisikia yote. Basi usiulize pua yako kama marashi yamebaki. Uliza binti yako ao dada yako, naye akuambie ukweli.

Tangu siku hiyo ninafuata mambo haya, na ninawapa ninyi pia.

La kwanza, ngozi. Upepo wa wakati huu unakausha ngozi, na ngozi kavu haishiki harufu. Paka kwanza mafuta yasiyo na harufu, hata vazelini tu, kisha weka marashi kidogo juu yake. Mpulizo mmoja, ao miwili, unatosha siku nzima.

La pili, moshi. Jioni sote tunakaa karibu na mbabula, na moshi unaingia kwenye vitenge. Marashi hayaondoi harufu ya moshi, yanaongezeka juu yake tu. Tundika nguo kwenye kamba, jua na upepo viipige, kisha ndipo uipulizie.

La tatu, na hili ni kubwa kwetu wenye kubeba: fikiria mtoto wa mgongoni. Uso wake unakaa wapi? Mgongoni mwako, na akigeuzwa, kifuani na shingoni. Mahali tunapojipulizia ndipo yeye anapovutia pumzi. Tena mtoto mchanga anamjua mama yake kwa harufu ya mwili na ya maziwa, mbele hata hajaanza kuona vizuri. Tukimwagia marashi juu ya harufu hiyo, tunamfichia mama yake. Mwenye kunyonyesha aweke marashi kwenye pindo la kitenge, chini, mbali na uso wa mtoto. Na mtoto mwenyewe asipakwe marashi. Harufu ya sabuni inamtosha.

La ine, moto. Marashi mengi ya chupa yana alkoli, na alkoli inashika moto upesi. Usijipulizie karibu na mbabula, ao na mshumaa usiku umeme ukikatika.

Sasa labda mwingine anasema: mimi sina pesa ya chupa. Mama, viungo vilikuwa marashi mbele ya chupa. Karafuu ni kichipukizi cha ua. Wanakichuma kabla ua halijafunguka, wanakianika juani. Asili yake ni visiwa vya Maluku, kule Indonesia. Ilifika Unguja na Pemba mwanzoni mwa karne ya 19, na leo Pemba ndiyo inatoa nyingi kupita Unguja. Kutoka pwani hiyo hiyo lugha yetu ya Kiswahili ilipanda na misafara ya biashara mpaka huku Katanga. Wamama wa Unguja wanatia karafuu kwenye singo, ule mchanganyiko wa kumsugulia bibi arusi. Na kwa nguo, wanachoma udi juu ya makala ndani ya chetezo, wanafukiza nguo kabla ya kuzivaa. Angalieni hekima yao: ni nguo inayoshika harufu, tena polepole.

Sisi tunaweza kufanya kitu chepesi zaidi. Chukua kipande cha kitenge cha zamani, kama ukubwa wa kiganja. Tia ndani karafuu kijiko kimoja na magome ya mdalasini yaliyovunjwa vipande vidogo. Funga vizuri kwa uzi, weka ndani ya valisi katikati ya nguo zako. Juma moja ao mawili, utaona kitenge kinanukia viungo kwa upole, bila kumsonga mtu. Harufu ikipungua, ponda kidogo kifuko kwa vidole, itaamka tena. Kiweke mbali na mikono ya watoto wadogo, wasije wakaweka karafuu mdomoni wakasongwa nayo.

Lakini mafuta makali ya karafuu, yale ya chupa ndogo, msiyapake mwilini hivi hivi. Yanaunguza ngozi, na mtoto akiyanywa ni hatari. Ya mdalasini ni vile vile.

Neno moja tena juu ya joto lenyewe, kwa maana marashi ya viungo yanatufanya tuwaze joto, lakini hayatupi. Baridi ikizidi, wengine wanaingiza mbabula chumbani, wanafunga mlango na kulala. Wamama, hapana. Makala yakiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Pua haiwezi kuisikia, na udi unaochomwa juu ya makala hayo hauiondoi. Ukiona mmoja nyumbani anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, anataka kutapika ao analegea, toeni watu wote nje kwenye hewa, na mkimbilie hopitali. Mbabula ikae nje. Ndani tuongeze mablanketi, na watoto walale pamoja wapashane joto.

Yule mama kijana alirudi kwenye likelemba. Nilikwenda kwake mwenyewe kumwomba msamaha, na mbele ya kikundi nikasema kosa langu ili mwingine asiogope kusema. Tulikubaliana mambo mawili: dirisha moja linabaki wazi kidogo hata kama kuna baridi, na anayekuja na marashi avae kidogo. Mtoto sasa anacheza katikati yetu.

Chupa yangu bado ninayo, haijafika hata nusu. Siku hizi nikipita, watu hawageuki kutafuta harufu inatoka wapi. Lakini mjukuu wangu akinikumbatia, ananusa pindo la kitenge, anasema: «Tate, unanukia chai.» Hiyo inanitosha.

Juma hili, kila mmoja amwulize jirani yake wa kiti: «Harufu yangu inakusumbua?» Na anayeulizwa aseme ukweli kwa upendo.

Mkae na joto, wamama. Tuonane juma lijalo.