Bango la mtoto likijikunja ukutani, kagua hewa anayovuta

Katika nyumba nyingi za mijini, banda la gari halina gari. Ama familia haina gari, ama linalala uani, na banda limegeuzwa chumba cha watoto kusomea na kuchezea. Mzazi hupaka rangi, huingiza meza ya plastiki na viti viwili, hufunga taa, kisha hupamba ukuta. Hapa linabandikwa bango la alfabeti, pale ramani ya Tanzania, kando yake jedwali la kuzidisha na picha za mahafali ya chekechea. Juu kabisa, ndani ya fremu, inatundikwa picha ya ndoa ya babu na bibi, ambayo haina nakala nyingine popote.

Masika yakishika, bango linaanza kujikunja pembeni. Selotepu inaachia. Ramani inavimba mawimbi, na picha ya babu na bibi inaota vidoa vya kahawia na vyeusi. Wazazi wengi hulaumu karatasi au gundi, hununua bango jipya na kulibandika palepale.

Karatasi haina kosa. Hunywa unyevu haraka, hivyo ndiyo ya kwanza kuonyesha kwamba chumba hakikauki. Anayefuata ni mtoto anayekaa humo kila jioni.

Kwa nini banda hushika unyevu

Banda la gari halikujengwa ili mtu akae humo. Mara nyingi halina dirisha, lina mlango mmoja wa chuma unaofungwa kutwa nzima, na sakafu yake imemwagwa zege bila kuwekewa kizuizi cha kuzuia maji ya ardhini yasipande. Maji hayo hupanda taratibu kupitia zege na matofali mpaka ukuta wa chini unabadilika rangi na lipu kuanza kumomonyoka.

Paa nalo huchangia. Bati lisilo na dari hupoa usiku, hewa yenye mvuke inaligusa, na alfajiri matone yanadondoka hata kama mvua haikunyesha.

Pwani kuna tatizo la ziada. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar ina unyevu mwingi karibu mwaka mzima, na ukuta uliojengwa kwa mchanga wenye chumvi huendelea kuvuta maji kutoka hewani. Kwenye baridi ya Njombe, Makete au Lushoto sababu ni nyingine. Nyumba hazina vifaa vya kuzipasha joto, kuta hupoa sana kati ya Juni na Agosti, na pumzi za watoto pamoja na nguo zinazoanikwa ndani hugeuka maji juu ya ukuta baridi.

Kinachotokea kwenye picha

Picha iliyosafishwa studio kwa njia ya zamani ina tabaka jembamba la jelatini, inayotengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Jelatini ikipata unyevu huvimba na kunata, ndiyo maana picha iliyokaa miaka mingi ndani ya fremu huganda kwenye kioo. Tena jelatini ni chakula kizuri cha ukungu. Picha zilizochapwa kwa printa ya wino wa maji zina udhaifu mwingine, kwani rangi zake huchuruzika na kuingiliana zikilowa.

Ukungu hustawi pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 65 hadi 70 kwa siku kadhaa. Kwa picha, watunzaji wa kumbukumbu hupendelea unyevu usiozidi asilimia 50 hivi. Banda lililofungwa wakati wa masika haliwezi kufikia kiwango hicho, hata fremu iwe ya bei gani.

Kinachotokea kwa mtoto

Ukungu ule ule unaokula picha hurusha hewani chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani unaeleza kuwa wanaoishi kwenye nyumba za namna hiyo hupata zaidi matatizo ya njia ya hewa, mzio na pumu. Watoto wenye pumu na watoto wachanga ndio wa kuangaliwa zaidi.

Nchini Uingereza, mtoto wa miaka 2 alifariki Desemba 2020 katika mji wa Rochdale. Novemba 2022, ofisa anayechunguza sababu za vifo alihitimisha kuwa ugonjwa wa njia ya hewa uliomuua ulitokana na kukaa muda mrefu kwenye nyumba yenye ukungu. Vifo vya aina hiyo ni nadra, na hakuna sababu ya mzazi kuingiwa hofu kwa doa moja. Lakini ukungu unaorudi kila ukifutwa si suala la urembo wa ukuta.

Dalili za kuangalia ni chafya na mafua yasiyokwisha, macho kuwasha, kikohozi kinachozidi usiku, kifua kubana au kutoa mlio kama filimbi. Angalia pia kama mtoto hupata nafuu akiwa shuleni au akienda likizo kwa shangazi, kisha hali inarudi akirejea nyumbani.

Usikaushe chumba kwa jiko la mkaa

Hili ni la kusisitiza, hasa kwa familia za maeneo ya baridi. Wapo wanaowasha jiko la mkaa ndani ya banda ili kupasha joto chumba au kukausha ukuta. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haionekani wala hainuki. Hata mkaa uliokoza usio na moshi huendelea kuitoa. Kichwa huuma, mtu husikia kizunguzungu na kichefuchefu, analegea, na akilala anaweza asiamke. Jenereta au gari linalounguruma ndani ya banda lina hatari ileile.

Jua maji yanatoka wapi

Kabla ya kununua rangi, fanya jaribio dogo. Chukua kipande cha nailoni ngumu, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, ukiache siku nzima. Ukikuta matone upande wa ndani, unaogusa ukuta, maji yanatoka kwenye ukuta wenyewe, na hapo anahitajika fundi. Matone yakiwa upande wa nje, tatizo ni hewa ya chumba, na mara nyingi tundu la hewa lenye wavu juu ya ukuta na jingine upande wa pili huleta nafuu kubwa.

Ukungu uliopo usafishwe kwa maji na sabuni, kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu huutawanya hewani. Anayesafisha avae barakoa na glavu, na watoto wakae nje mpaka chumba kikauke. Ukitumia dawa ya klorini, usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia choo, kwa kuwa mchanganyiko huo unaweza kutoa hewa yenye sumu. Rangi mpya juu ya ukungu huuficha kwa wiki chache tu.

Mpangaji apige picha za ukuta, zenye tarehe, na amwonyeshe mwenye nyumba mapema, kabla mvua hazijakolea.

Nakala ukutani, halisi kabatini

Picha ya babu na bibi isikae bandani kabisa. Ishushe, ipige picha kwa simu mchana karibu na dirisha, bila mwanga wa simu na bila jua kuipiga moja kwa moja. Ukimtumia ndugu kwa WhatsApp, itume kama faili la hati ili isipunguzwe ubora, na hifadhi nakala sehemu mbili tofauti. Kisha safisha nakala studio na uitundike hiyo. Halisi ikae kwenye bahasha ya karatasi, juu ya kabati la chumba kikavu chenye hewa, mbali na ukuta wa bafu.

Picha halisi isilaminishwe. Joto la mashine huiharibu na plastiki haibanduki tena. Mabango ya kujifunzia yanaweza kulaminishwa, mradi karatasi iwe kavu kabisa, la sivyo unyevu utafungiwa ndani.

Usibandike karatasi moja kwa moja kwenye ukuta. Vuta kamba kutoka pembe moja ya chumba hadi nyingine na uning'inize mabango kwa vibanio vya nguo, hewa ipite nyuma. Fremu iwekewe vipande vya kizibo kwenye pembe za nyuma ili isigusane na ukuta, na kati ya picha na kioo kuwe na ukingo wa kadibodi. Chagua ukuta wa ndani, na acha wazi sehemu ya chini iliyo karibu na sakafu.

Picha ikishaharibika

Picha iliyolowa leo isuuzwe kwa maji safi bila kusuguliwa, ilazwe kivulini ikitazama juu, na ikauke ndani ya saa 48. Yenye ukungu tayari isiloweshwe, kwa sababu jelatini iliyoliwa huyeyuka na sura kuondoka nayo. Iache ikauke kivulini, kisha ipanguse nje ya nyumba kwa brashi laini ukiwa na barakoa. Iliyoganda kwenye kioo usiibandue. Ipige picha kupitia kioo hichohicho kabla ya kujaribu jambo lingine lolote.

Mtoto anayepumua haraka au ambaye mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kikohozi kilichofika wiki mbili nacho kichunguzwe. Na mnapofika kwa daktari, mweleze kuhusu chumba anachosomea mtoto na madoa yaliyo ukutani. Ni taarifa ambayo wazazi wengi husahau kuitoa, na inaweza kubadilisha matibabu.